Kabla ya kurusha droni juu ya vifaru vya Normandy

Wapenzi wa droni wana mchezo wao: kila mmoja alete picha moja ya gari la kivita iliyopigwa kutoka angani, kisha wenzake wapige kura. Mtu wa kwetu akisikia hivyo anashtuka, na ana haki. Lori la jeshi likikupita njiani Morogoro, hata simu huitoi mfukoni. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kamera, chagua gari lenyewe, na liwe lililostaafu. Kwa walioko Ulaya hakuna mahali pazuri kama Normandy, Ufaransa, ambako majeshi ya Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, yalishuka kupigana na Wajerumani tarehe 6 Juni 1944. Huko vifaru vya wakati huo vimewekwa nje, kando ya barabara, na hakuna kiingilio.

Courseulles-sur-Mer kuna Sherman, kifaru cha Kimarekani, iliyozama ikijaribu kuelea hadi ufukweni, ikakaa chini ya maji zaidi ya miaka 25. Jirani yake, Graye-sur-Mer, kuna Churchill, kifaru cha Kiingereza cha wahandisi wa jeshi, iliyotumbukia kwenye shimo siku ileile ya kwanza. Wanajeshi wenzao hawakuivuta. Walijenga njia juu yake wakapita, na ikabaki imefukiwa hadi 1976. Ukiingia bara, nje ya mji wa Vimoutiers, kuna Tiger ya Wajerumani iliyotelekezwa Agosti 1944 wakati wa kurudi nyuma. Mimi ningeanza na hii ya Graye, kwa sababu iko karibu na matuta ya mchanga, wakati ile ya Courseulles iko mjini, na Ufaransa ni wakali kuhusu droni juu ya miji na vijiji. Hata hivyo, piga simu ofisi ya utalii uulize kama kifaru kipo, maana vitu vya nje hupelekwa matengenezo.

Karatasi zisikusumbue sana, ila usiziruke. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mwenye droni yenye kamera hujisajili hata kama ina uzito chini ya gramu 250, isipokuwa ile iliyotengenezwa kuwa kichezeo cha watoto. Kuanzia gramu 250 kuna mafunzo na mtihani wa mtandaoni. Usipande zaidi ya mita 120, na usiipoteze machoni. Fungua Géoportail, ramani ya mtandaoni ya serikali ya Ufaransa, uone maeneo yenye zuio, kisha uangalie na orodha ya maeneo yaliyokatazwa kupigwa picha kutoka angani, kambi za jeshi zikiwemo. Makaburi ya Wamarekani ya Colleville-sur-Mer yaache kabisa. Na anayetaka kufanya mazoezi nyumbani kwanza ajue kuwa Tanzania kuna kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ridhaa ya Wizara ya Ulinzi, na Kenya kuna kibali cha mamlaka yao, KCAA. Avipate kabla droni haijafika uwanja wa ndege.

Sasa picha yenyewe. Wengi hupanda juu mno. Sherman ina urefu wa karibu mita 6. Kamera ya kawaida ya droni ndogo, ikitazama chini kutoka mita 120, hukamata upana wa mita 180 hivi, kwa hiyo kifaru chako kitakuwa nukta ya kijani kwenye nyasi za kijani. Shuka hadi mita 10 na upana unakuwa mita 15. Hapo unaona mfuniko wa dereva, kulabu za kuvutia, na rangi iliyobanduka pale watoto wanapopandia.

Jua ni muhimu kuliko kamera. Mchana wa Juni jua la Normandy hufika juu kabisa karibu saa nane, na picha iliyopigwa wima wakati huo haina umbo: mnara wa mzinga na bodi vinakuwa kitu kimoja. Lakini jua hilohilo huzama karibu saa nne usiku. Kuanzia saa moja na nusu jioni hivi, kivuli cha Sherman kinakuwa kirefu kuliko Sherman yenyewe, na mzinga wake unachoreka chini wazi kabisa. Kura nyingi huenda kwenye kivuli hicho.

Usiirushe droni kutoka mgongoni mwa kifaru, hata kama panaonekana pamenyooka. Tani 30 za chuma huivuruga dira, na droni iliyochanganyikiwa huenda kando yenyewe. Sogea hatua kadhaa, tandika mkeka ili mchanga usiingie kwenye mota, kisha ndipo uwashe. Upepo wa bahari upime juu, si pale ulipojikinga nyuma ya tuta. Shakwe nao wakiwa na viota hushambulia. Ukimwona mmoja anazunguka, teremsha.

Mwanzoni mwa Juni usipange kabisa kurusha. Kumbukumbu za kila mwaka hujaza barabara kwa watu na magari ya zamani ya kijeshi aina ya jeep, anga hufungwa kwa muda sehemu nyingi, na kuruka juu ya umati hakuruhusiwi hata kwa droni nyepesi. Jeep zile zina wenyewe. Mfuate mwenye gari shambani alikoegesha, msalimie, omba ruhusa. Mara nyingi atakuuliza tu utamtumiaje picha, kwa hiyo uwe na kalamu.