Kuhamishia Betri Mbele kwenye Gari la Injini ya Nyuma

Gari la kujiundia lenye bodi ya faibaglasi juu ya chasisi ya Volkswagen Beetle hubeba injini na giaboksi nyuma, na mara nyingi betri na tairi la akiba huishia hukohuko. Ukipanda nalo kuelekea Marangu, au ukiingia kona yenye changarawe, usukani huwa mwepesi na magurudumu ya mbele huteleza badala ya kukata kona. Kuhamisha betri husaidia, ila kazi ikifanywa nusunusu stata (mota ya kuwashia injini) itakataa kuvuta asubuhi za baridi ya Julai hapa Arusha. Uzito na umeme vishughulikiwe pamoja.

Hatua ya 1: Pima uzito. Mizani ya magunia ya wauza mahindi inatosha. Weka gurudumu moja juu yake na mengine matatu juu ya mbao zenye kimo kilekile, kwa sababu gari likiinama vipimo hupotoka. Rudia kwa kila gurudumu.

Hatua ya 2: Hamisha betri. Anza kwa kufungua waya wa hasi. Betri ya kilo 16 ikisogezwa mbele mita 2, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.4, huongeza takriban kilo 13 mbele na kupunguza kiasi hichohicho nyuma. Tairi la akiba na jeki vifuate. Kwenye chasisi hii tangi la petroli kwa kawaida liko mbele, hivyo betri iwe ndani ya boksi lenye mfuniko na tundu la hewa, ifungwe kwa mkanda wa chuma, na swichi kuu ya kukata umeme iwe karibu nayo.

Hatua ya 3: Waya wa chanya. Hapa ndipo wengi hubana matumizi pasipostahili. Stata ikivuta ampea 200 kupitia mita 4 za waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, karibu volti 0.9 hupotea njiani. Kwa waya wa milimita 50 za mraba hupotea chini ya volti 0.3. Waya wa mashine ya kuchomelea unafaa sana, ila uvishe mpira, uweke mbali na bomba la mafuta, na kila unapopenya bati pawe na raba. Lagi (vichwa vya chuma vya kufungia waya) zibanwe kwa koleo la haidroli. Nyundo haibani sawasawa.

Hatua ya 4: Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Faibaglasi haipitishi umeme. Kwangua rangi ya chasisi mpaka chuma king'ae, funga waya wa hasi, kisha upake grisi. Giaboksi nayo imekalia raba, kwa hiyo lazima iwe na mkanda wake wa shaba hadi kwenye chasisi.

Hatua ya 5: Rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Umeme wa solenoidi (swichi ya sumaku iliyo juu ya stata) hupita kwenye swichi ya funguo na waya mwembamba mrefu, hivyo hupungua njiani, na injini ikiwa ya moto stata hubaki kulia "tik" tu. Weka rilei karibu na stata: pini 30 ipate umeme kwenye bolti kubwa ya stata kupitia fyuzi, 87 iende terminali 50 ya solenoidi, 86 ipokee waya wa zamani wa funguo, na 85 iende ethi.

Hatua ya 6: Jaribu. Gia ikiwa huru, chomoa waya wa chanya wa koili ili injini isiwake, kisha msaidizi azungushe stata sekunde chache. Mita ya volti ikiguswa kwenye chanya ya betri na bolti kubwa ya stata isizidi volti 0.5, kati ya hasi ya betri na giaboksi isizidi 0.3. Ikizidi, papasa maungio: lililo la moto kuliko waya wenyewe ndilo la kukata na kubana upya.