Kusokota sufu kwa mkono na kufuma mzula kipindi cha giza la Aislandi

Huku kaskazini mwa Aislandi mwezi wa Desemba jua linatoka saa sita kasoro mchana na saa tisa kasoro limeshazama, na kuna mabonde yamebanwa na milima kiasi kwamba shamba linakaa wiki kadhaa halijapigwa na jua kabisa. Theluji ikifunga barabara ndo basi, kondoo wako bandani, ukishawapa majani asubuhi na jioni huna tena pa kwenda. Huo ndo muda wa sufu. Watu wa nyumbani wananiuliza sana huwa tunafanya nini muda wote huo, basi leo naelekeza kuanzia manyoya ya kondoo mpaka mzula unaovaa kichwani, na usiogope, huhitaji mashine wala hela nyingi, sufu na kijiti vinatosha kuanzia. Mimi ni mtu wa Makete, baridi naijua tangu utotoni, ile ya mwezi wa saba unaamka majani yamekuwa meupe kwa sakitu, kwa hiyo haya yanakufaa hata ukiwa Njombe au Kinangop, mradi upate sufu.

Sufu yenyewe ndo kwanza. Kondoo wa huku ni uzao wa wale walioletwa na mabaharia wa Norwe waliohamia kisiwani karne ya 9, na mpaka leo hawajachanganywa sana na kondoo wengine. Wana manyoya ya aina mbili kwenye ngozi moja. Ya juu ni marefu, magumu kiasi, yanang'aa na hayapitishi maji kirahisi, wanayaita tog. Ya chini ni mafupi, laini, ndo yanayoshika joto, hayo wanayaita þel (soma thel). Kiangazi chote kondoo wanazurura milimani peke yao, Septemba watu wanapanda kwa farasi na kwa miguu kuwateremsha, halafu baridi ikikaza wanaingizwa bandani na kunyolewa hapo hapo mwanzoni, kabla hawajalalia mavi na vumbi la majani. Sufu ya vuli ndo unayoitaka. Ile ya kunyoa tena karibu na Machi ni fupi, chafu na imeshikana, mimi kwa kusokota siitumii. Kwa Afrika Mashariki uliza sufu ya kondoo wa Merino au Corriedale au chotara wao, kule Molo na Nyandarua wapo, ila kondoo wekundu wa Kimasai usihangaike nao, wale wana nywele tu za kawaida, hazisokoteki ukapata uzi wa maana.

Chukua kama gramu 200 za sufu chafu, na usianze na nyeusi. Nyeusi ni nzuri sana lakini usiku chini ya taa vitanzi vya kufuma huvioni, utaumiza macho bure, chukua nyeupe au kijivu.

Kuosha: toa kwa mkono vipande vyenye mavi na majani. Jaza beseni maji ya moto ambayo mkono hauvumilii kukaa, nyuzi joto 50 hadi 60, tia sabuni ya vyombo kidogo, kisha zamisha sufu polepole na uiache dakika 20. Usiisugue, usiikoroge, usiipige maji ya bomba kwa juu, maana sufu ikipata joto, sabuni na kusuguliwa kwa pamoja inajifunga, na ikishajifunga haifunguki tena maisha. Itoe kabla maji hayajapoa la sivyo mafuta yanarudi kuganda, suuza kwenye maji ya joto lile lile mara mbili, ikamue kwa kuibana ndani ya taulo, itandaze ikauke. Zamani huku walioshea mkojo uliokaa siku nyingi, ile amonia ndo ilikuwa inakata mafuta, na kwa kweli ilifanya kazi, ila sabuni ipo bwana.

Sasa hapa ndo pananipendeza kuliko kote, kutenganisha yale manyoya mawili. Chukua kishungi kimoja kidogo, unene wa kidole, mkono mmoja shika ile ncha nyembamba ya juu, mwingine bana shina lake, vuta polepole bila kushtua. Tog inateleza inatoka ndefu imenyooka, þel inabaki mkononi imejikunja kunja, nyepesi, ukiiweka shavuni huisikii. Ni kazi ya polepole, jioni nzima unapata kafungu kadogo tu, ila mkono unajifunza sufu ilivyo kuliko kuambiwa na mtu. Kwa mzula unaweza ukaacha vyote vichanganyike, wengi wanafanya hivyo na uzi unakuwa imara, ila kama ngozi ya paji lako inawasha kirahisi basi tumia þel peke yake, na hapo ongeza sufu maana utaweka pembeni karibu nusu. Tog usiitupe, inatoa kamba na uzi mkali wa kushonea.

Halafu chambua. Ukiwa na zile brashi mbili za meno ya waya sawa, huna chukua brashi mbili za kuchania mbwa, zinafaa kabisa. Weka sufu kidogo kwenye moja, chana kwa nyingine kwa wepesi mpaka imekuwa wingu lisilo na vinundu, iviringishe upate kibiringo. Tengeneza vibiringo vingi kabla hujaanza kusokota, kuacha kila dakika kwenda kuchambua kunakatisha mkono.

Kijiti sasa. Gurudumu la kusokotea lilifika huku karne ya 18, kabla ya hapo miaka na miaka watu walitumia kijiti chenye kigurudumu kwa juu, halasnælda, na bado kinatumika. Mimi nasema anza nacho, usinunue gurudumu, kwa sababu kijiti kinakungoja na gurudumu halikungoji. Chonga kijiti kilichonyooka sentimita 30, kata kibao cha duara, toboa katikati kabisa (kikienda upande kijiti kitayumba), pitisha kijiti, kikaze, juu piga kindoano cha waya. Uzito wote uwe gramu 40 hadi 60, chini ya hapo kinakosa nguvu ya kuzunguka, juu ya hapo kinakata uzi.

Funga uzi wowote wa dukani kwenye kijiti, upitishe kwenye kindoano, ncha yake ichanganye na manyoya machache ya kibiringo. Zungusha kijiti kufuata mshale wa saa mpaka uzi uwe umejaa msokoto, kisha kibane katikati ya magoti. Sasa mikono yote miwili iko huru. Mkono wa juu umeshika kibiringo kiulaini sana, kama umeshika kifaranga, wa chini umebana pale msokoto ulipoishia. Vuta sufu kidogo itoke, utaona pembetatu ya manyoya kati ya vidole vyako, ikifika unene unaotaka achia vidole vya chini, msokoto unapanda wenyewe unaingia kwenye pembetatu, uzi umezaliwa. Bana tena, vuta tena. Msokoto ukiisha zungusha kijiti upya. Usiruhusu msokoto uingie ndani ya kibiringo, ukiingia huvuti tena kitu, inabidi urudishe kijiti nyuma uufungue. Na kama huwezi kuvuta kabisa angalia mikono yako imekaribiana, iachanishe izidi urefu wa unywele mmoja wa hiyo sufu, maana ukishika ncha zote mbili za unywele hata uvute vipi hautoki.

Uzi ukikatika usifunge fundo. Chambua ile ncha iwe laini tena, iweke juu ya sufu mpya, vibane pamoja, uruhusu msokoto uvishike. Baada ya jioni chache magoti hayahitajiki, unaachia kijiti kining'inie kinazunguka chenyewe huku unavuta.

Kipimo cha msokoto ni hiki na nakiamini kuliko vyote: lega kipande cha uzi kijikunje chenyewe. Kikijisokota kiasi kikatulia, umepata uzi wako utakavyokuwa. Kikikaa tu kimelegea utakatika, kikijikunja vinundu vinundu umezidisha. Kwa mzula nyuzi ya kwanza iwe milimita 1 na nusu hivi. Sokota mbili za urefu sawa, kisha zisokote pamoja kinyume na mshale wa saa, zikitulia bila kupinda huku na huku umemaliza. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne kwa kauzi, loweka kwenye maji vuguvugu, kamua, tundika ukauke. Unahitaji kama gramu 100.

Hii kazi zamani ilikuwa ya nyumba nzima. Kwenye nyumba za udongo na majani kila mtu alikaa kwenye kitanda chake ndani ya chumba kimoja, baðstofa, taa ya mafuta ya samaki au ya sili inawaka, wanawake, wanaume na watoto wote mikono inafanya kazi, mmoja anasoma kwa sauti au anaghani mashairi. Kufuma kulifika kisiwani karne ya 16 na soksi na glavu zikawa bidhaa ya kuuza nje. Mpaka leo watoto wanaambiwa habari za paka mkubwa wa Krismasi anayemla mtu asiyepata nguo mpya, yaani sufu ya vuli imalizwe kabla ya sikukuu. Mimi natamani sana na sisi tungekuwa na jioni za hivyo, simu pembeni, mtu mmoja anasimulia, wengine wanafuma, hasa kwa wazee wetu ambao hadithi wanazo na wasikilizaji hawana.

Tufume basi. Sindano ya duara ya milimita 6 na nyingine tano fupi zenye ncha mbili kwa ajili ya kumalizia. Kwanza fuma kipande cha majaribio, pima vitanzi vingapi vinaingia sentimita 10. Mimi huwa napata 14. Kichwa cha mtu mzima ni sentimita 56 hivi, mzula uwe mdogo kidogo ili ushike, kwa hiyo anzisha vitanzi 72, unganisha mduara uangalie visijipinde. Sentimita 5 za kwanza fuma viwili vya mbele (uzi ukiwa nyuma ya kazi) viwili vya nyuma (uzi ukiwa mbele), huo ndo ukingo wake unaovutika kama mpira, halafu endelea vya mbele tupu mpaka urefu wote ufike sentimita 15.

Kupunguza: fuma 7, fuma viwili pamoja, rudia mzunguko mzima, unabaki na 64. Mzunguko unaofuata fuma kawaida. Kisha fuma 6 na viwili pamoja, kawaida, 5 na viwili pamoja, kawaida, 4 na viwili pamoja, kawaida. Ukifika hapo una 40. Sasa usiweke tena mzunguko wa kawaida katikati, 3 na viwili pamoja, 2 na viwili pamoja, kimoja na viwili pamoja, mwisho viwili pamoja tupu, unabaki na vitanzi 8. Kata uzi, upitishe kwa sindano kwenye vyote, vuta ukaze, ficha ncha kwa ndani. Loweka mzula maji vuguvugu dakika 15, ukamue ndani ya taulo, uvalishe kwenye bakuli lililopinduliwa ukauke, usiuanike kwenye kamba utarefuka.

Ukitaka upepo usipenye kabisa fuma mkubwa kidogo, uusugue makusudi kwenye maji ya moto na sabuni mpaka ujifunge, ndivyo wavuvi wa huku walivyofanya glavu zao, tena wakazifuma na dole gumba mbili, upande mmoja ukilika wanageuza wanavaa wa pili. Sufu iliyobaki ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa ikiwa kavu kabisa, nondo wanaipenda mno.