Swali moja kwa kila mhadhara: namna ninavyofundisha ukumbi uliojaa

Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza hapa Dodoma, mara nyingi saa nane mchana, ukumbi umejaa hadi ngazini. Kwa miaka kadhaa nilihutubia tu, nao wakakesha na madesa usiku wa kuamkia mtihani. Kilichonibadilisha ni utafiti. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake wa Marekani walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Penye mhadhara mtupu walifeli takribani wanafunzi 34 kati ya 100. Penye ushiriki darasani, 22. Hao kumi na wawili nawawaza kila ninapoandaa somo.

Njia ninayoitumia ilianzishwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, mwaka 1991. Haihitaji mashine wala bando.

Hatua ya 1: Tunga swali lenye mtego
Kazi kubwa iko hapa, itengee hata saa nzima. Mfano wangu: wakulima watano wa alizeti wamevuna magunia 4, 5, 5, 6 na 40. Ikigundulika kuwa yule wa mwisho alivuna 90, kipi kitabadilika: (1) wastani tu, (2) namba ya katikati tu, (3) vyote viwili, (4) hakuna? Wengi hukimbilia la tatu, kumbe namba ya katikati inabaki 5, na wastani ndio unaoruka kutoka 12 hadi 22. Majibu yasiyo sahihi yatoe kwenye skripti za mwaka jana. Ukiyabuni mwenyewe hayamnasi mtu.

Hatua ya 2: Kura ya vidole
Dakika mbili za kufikiri kimya, kisha kila mmoja anaonyesha vidole kifuani ili aliye nyuma asiige. Kadiria kwa macho, inatosha.

Hatua ya 3: Waache wabishane
Waliopatia wakiwa chini ya theluthi, fundisha upya. Wakizidi theluthi mbili, songa mbele. Wakiwa katikati, kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti na kumshawishi, halafu wapige kura tena.

Waruhusu Kiswahili. Najua mtihani ni wa Kiingereza, lakini nimemsikia mwanafunzi ambaye kwa Kiingereza hafungui kinywa akimweleza mwenzake, vizuri kuliko mimi, kwa nini magunia 90 hayamsogezi mkulima wa katikati. Istilahi ziandike ubaoni baadaye. Na usitoe jibu mapema: niliwahi kulitoa, ukumbi ukanyamaza papo hapo.

Hatua ya 4: Rudia baada ya wiki
Anza kipindi kwa swali linalofanana, madaftari yakiwa yamefungwa. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba dakika 5 baada ya kusoma, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki, waliojipima walikuwa wamewapita.

Hatua ya 5: Jiandae kwa malalamiko
Utasikia "mwalimu hafundishi". Utafiti uliofanyika Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 uliona jambo hilohilo: wanafunzi walioshirikishwa walihisi wamejifunza kidogo, ilhali majaribio yalionyesha wamejifunza zaidi. Waeleze hivyo siku ya kwanza kabisa. Mimi huandika kura zote mbili ubaoni, ya kwanza kushoto, ya pili kulia, na siifuti hata moja mpaka kipindi kiishe.