Namna ya Kuandaa Somo la BTP kwa Darasa la Awali na Darasa la Kwanza

Shuleni kwetu tunapokea walimu tarajali kila msimu wa mazoezi ya kufundisha (BTP, yaani Block Teaching Practice), na wale wanaopangiwa darasa la awali, la kwanza na la pili huwekwa chini ya uangalizi wangu. Wanafika wakiwa wameiva katika saikolojia ya mtoto na falsafa ya elimu, lakini wengi hukesha usiku wa kuamkia kipindi chao cha kwanza kwa sababu hawajui waanzie wapi kuandaa somo la dakika 30 kwa mtoto ambaye bado hajui kusoma. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao.

Hatua ya kwanza: pata muhtasari sahihi

Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 ulianza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, lakini mihtasari ya zamani ingali inazunguka katika makundi ya WhatsApp ya wanachuo. Pakua muhtasari, yaani hati inayoonyesha yanayopaswa kufundishwa katika kila somo, kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania, pamoja na kitabu cha kiada na kiongozi cha mwalimu. Andalio lililojengwa juu ya muhtasari uliokwisha kubadilishwa halirekebishiki, bali huandikwa upya lote.

Hatua ya pili: azimio la kazi

Mwombe mwalimu wa darasa azimio lake, yaani mpango wake wa mada za kufundisha kwa muhula, uone amefika wapi, kisha uendelee kutoka hapo.

Hatua ya tatu: andalio la somo

Hapa ndipo saa nyingi hupotelea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu nikitumia mfano wa herufi m katika darasa la kwanza.

Umahiri mkuu na umahiri mahususi, yaani uwezo ambao mtoto anatarajiwa kuupata, unanakiliwa kutoka kwenye muhtasari kama ulivyo. Kinachobaki mikononi mwako ni kuamua mtoto atafanya nini kabla kengele haijagongwa. Sentensi kama "mwanafunzi aelewe herufi m" haikusaidii, kwa sababu hakuna anayeweza kuona mtoto akielewa. Andika badala yake kwamba kila mwanafunzi atatamka sauti ya m, ataichagua herufi hiyo kati ya kadi tano, na atasoma ma, me, mi, mo, mu. Hata hivyo, iwapo darasa lina watoto zaidi ya sabini, kama yalivyo madarasa mengi ya shule za serikali, mambo hayo matatu hayawezi kukamilika katika kipindi kimoja. Chukua mawili ya kwanza na uache silabi kwa kipindi kinachofuata.

Fundisha sauti kwanza, jina la herufi baadaye. Nasisitiza jambo hili kuliko lolote lingine katika mwongozo huu. Mtoto aliyezoeshwa kuiita herufi hiyo "ma" atasoma neno mama bila tatizo, na mwalimu atadhani kazi imekwisha. Akikutana na neno mimi atasoma "ma-i, ma-i" na kukwama hapo. Funga midomo, toa mvumo wa m kwa muda mrefu bila vokali yoyote, kisha uusogeze taratibu hadi kwenye i mpaka mtoto asikie mwenyewe sauti mbili zikiungana. Njia hiyo ni rahisi kwa m, n, s, f na l, ambazo sauti zake huweza kuvutwa. Kwa b, d, k, p na t haiwezekani kuvuta, hivyo itamke sauti kwa ufupi uwezavyo ili vokali isijipenyeze. Herufi mwambatano, hasa tofauti ya ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, zisiguswe kabla silabi nyepesi hazijakaa sawasawa.

Iko tahadhari nyingine kwa wanaopangiwa maeneo ambako watoto huja shuleni na lugha ya nyumbani isiyotenganisha l na r. Mtoto anayeionyesha kadi ya r ipasavyo lakini anaitamka kama l anaijua herufi. Usimhesabu kuwa ameshindwa kusoma. Matamshi yatengenezwe katika nyimbo, vitendawili na mazungumzo, ambako hakuna anayemcheka.

Sehemu ya tathmini ndiyo inayoharibiwa zaidi. "Somo limeeleweka vizuri" ni maneno matupu, na mkufunzi mzoefu wa chuo anayekuja kukukagua huyakata kwa kalamu nyekundu. Andika, kwa mfano: "Wanafunzi 52 kati ya 74 wametambua herufi na kutamka sauti yake, 14 wametambua herufi lakini wanatamka 'ma', 8 hawajaitambua." Kisha kwenye maoni utaje wale 14 na wale 8 watafanya nini kesho. Takwimu hizo huwezi kuzipata kwa kuuliza darasa zima, "Tumeelewa?" kwa sababu jibu ni "Ndiyo, mwalimu!" hata kwa mtoto aliyekuwa akichungulia dirishani. Wakati wengine wanachora herufi kwenye daftari, pita na kadi katika safu moja baada ya nyingine na umsikilize kila mtoto peke yake, ukiweka alama kwenye orodha ya majina. Usipowamaliza leo, wanaobaki uanze nao kesho. Idadi ya waliohudhuria, wasichana kwa wavulana, ijazwe baada ya kuita majina, kamwe isijazwe usiku wa kuamkia kipindi.

Hatua ya nne: zana

Napendelea kadi zilizokatwa kwenye maboksi kuliko bango la kuchapisha, kwa kuwa bango hutazamwa na kadi hushikwa. Visoda vilivyoandikwa herufi kwa kalamu ya wino usiofutika vinafaa sana kwa kuunda silabi juu ya dawati. Katika darasa la awali, ambako kipindi ni cha dakika 20 na watoto hujifunza kwa kucheza katika kona za ujifunzaji, epuka mbegu ndogo kama mahindi na maharage, maana huishia puani na masikioni. Tumia vijiti au vizibo vikubwa, na uvihesabu wakati wa kuvigawa na wakati wa kuvikusanya.

Hatua ya tano: siku ya mkufunzi

Weka muhtasari, azimio na andalio juu ya meza, na kiti kimoja nyuma ya darasa. Usirudie somo la jana ili watoto waonekane wanajua, kwani wao wenyewe watasema kwa sauti kwamba walishalisoma. Mkufunzi akikuachia maoni, yasome siku hiyohiyo ukiwa bado unakumbuka sura za watoto, na pendekezo moja kati ya hayo uliingize katika andalio la kesho yake.