Ukitumiwa habari ya dawa ya kiharusi iliyoponya panya, isome hivi

Mzee wetu alishikwa na kiharusi mkono wa kulia ukalala, na tangu hapo grupu ya familia haipoi, kila wiki ni linki ya dawa mpya, binamu yangu hadi alienda kuulizia moja kwa kemisti huko River Road. Sasa mimi husoma hivi.

Kwanza angalia dawa ilipeanwa lini. Panya wa maabara mara nyingi huzibwa mshipa makusudi, uzi mwembamba unapitishwa kwa shingo mpaka kwa ubongo, kwa hivyo mtafiti anajua dakika yenyewe ilianza. Kama dawa ni ya masaa ya kwanza na mzee wako ana miezi nane tangu ashikwe, hiyo ruka.

Halafu, na hapa ndio watu hupita mbio, tafuta kama mnyama alifanya mazoezi. Mwaka wa 1982 mtafiti Feeney na wenzake walidunga panya amfetamini, dawa ya kuchangamsha ubongo, mara moja tu, siku moja baada ya kuwaumiza sehemu ya ubongo inayoendesha mwili (si kiharusi kamili, kumbuka), wakarudi kutembea juu ya ubao mwembamba haraka kuliko wenzao. Lakini wale walidungwa wakafungiwa wasitembee, hawakupata hiyo faida. Na haloperidoli, ile dawa ya akili, ilichelewesha kupona. Ndio maana siku ya kliniki beba dawa zote za mzee, hata za presha, uliza daktari kama kuna inayomrudisha nyuma, usimkatishe mwenyewe.

Cheki pia walipimaje. Panya ni mjanja, vidole vikikataa anapinda mwili mzima na bado anafikia chakula, ukimwangalia haraka utasema amepona, ni kama vile mzee huinua bega lote ndio mkono ufike kwa kikombe.

Mwisho uliza, watu je? Fluoksetini, dawa ya kutibu huzuni kali (depression), ilisifiwa 2011 huko Ufaransa kwa wagonjwa 118 wa kiharusi, baadaye Uingereza wakajaribu na zaidi ya 3,000, haikuwasaidia kujifanyia mambo yao, na waliomeza walivunjika mifupa zaidi.

Siku hizi kwa grupu nauliza tu, panya ama watu, na walikuwa wangapi? Shangazi alinuna, lakini juzi yeye mwenyewe ndio alituma video ya mzee akibonyeza rimoti na ule mkono wa kulia.