Usiamini "virtue" haraka

Ukisoma maneno ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, kwa Kiingereza, tazama kwanza mwaka wa tafsiri. Pale anaposema mtawala mwenye "de" (neno la Kichina) ni kama nyota ya kaskazini, mtafsiri James Legge mwaka 1861 aliliandika "virtue", wema. Arthur Waley, 1938, akaandika "moral force", nguvu ya kimaadili. Wema na nguvu, si kitu kimoja! Ila "virtue" nayo imehama maana: zamani Waingereza walisema "virtue" ya mitishamba, yaani uwezo wake wa kuponya. Mimi huweka tafsiri mbili ubavu kwa ubavu. Zinapogombana, hapo ndipo pa kuchimba. Kamusi ya Kichina cha leo nayo hupotosha: "zou" sasa ni kutembea, kale ilikuwa kukimbia.