Kuchagua polishi na pedi za mashine ya kung'arishia rangi ya gari

Wengi huanza kwa kuuliza "nitumie polishi gani?" Hapo wameanzia mkiani. Rangi hukatwa, yaani husuguliwa na kupunguzwa tabaka jembamba la juu, na vitu vitatu kwa pamoja: pedi, polishi na mashine, na katika hivyo pedi ndiyo yenye nguvu zaidi. Kompaundi (polishi kali ya kukata) kwenye sponji laini hukata kidogo tu, na polishi ya kumalizia kwenye pedi ya sufu inaweza kuacha mikwaruzo mipya. Kwa hiyo pedi huchaguliwa kwanza.

Hatua ya 1: Jua una rangi kiasi gani

Magari mengi ya kiwandani yana rangi ya jumla ya maikroni 100 hadi 180 hivi juu ya bati. Kliya, yaani tabaka la juu lisilo na rangi ambalo ndilo unalolikata, mara nyingi ni maikroni 35 hadi 50 tu. Karatasi ya kuchapia ina unene wa maikroni 100 hivi, kwa hiyo unafanya kazi kwenye nusu ya karatasi. Ukiwa na kipimo cha unene, pima sehemu kadhaa za kila paneli. Ikisoma chini ya 90, tumia pedi laini na polishi nyepesi pekee. Ikisoma zaidi ya 300, huenda paneli ilipigwa rangi upya au ina puti chini yake. Kumbuka kipimo kinasoma jumla. Hakikuambii kliya imebaki kiasi gani.

Kisha sugua sehemu iliyojificha kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo. Kitambaa kikishika rangi ya gari, rangi hiyo haina kliya na pedi zako zitachafuka hivyo hivyo muda wote, si kosa. Lakini kama gari lina kliya na pedi ikaanza kushika rangi, zima mashine. Kliya imekwisha hapo, na hakuna polishi ya kuirudisha.

Hatua ya 2: Safisha na ufunike

Osha, kisha pitisha udongo wa kusafishia rangi ukiwa na kilainishi hadi kiganja kiteleze bila kukwama. Bandika utepe wa karatasi kwenye plastiki nyeusi, mipira ya vioo na kona kali za paneli. Kwenye kona rangi ni nyembamba, na pedi huko hugusa sehemu ndogo kwa nguvu kubwa.

Hatua ya 3: Chagua pedi

Sufu ndiyo inayokata haraka kuliko zote na haipashi rangi joto sana kama sponji, ila huacha ukungu. Inafaa kliya ngumu na alama za msasa. Maikrofaiba hukata karibu sawa na sufu kwenye mashine ya DA (ambayo pedi yake huzunguka na kuyumba kwa wakati mmoja), lakini hujaa vumbi la rangi upesi. Sponji ziko za daraja tatu: ngumu ya kukata, ya kati, na laini ya kumalizia. Usichague kwa rangi ya sponji. Chungwa ya kiwanda kimoja inaweza kuwa ya kati, na ya kingine ya kukata. Ibonyeze kwa kidole na usome maelezo yake.

Pedi iwe pana kidogo kuliko sahani ya mashine, yaani bamba linaloshika pedi: sahani ya milimita 125 hutumia pedi ya 130 hadi 150, ili ukingo wa sahani usiguse rangi. Gari dogo zima linahitaji pedi nne hadi sita za kukata. Ukitumia moja tu, katikati yake hupata moto, gundi ya velkro huachia, na sponji huchanika.

Hatua ya 4: Chagua polishi

Kuna polishi ambazo chembe zake huvunjika kadiri unavyosugua, na hizo lazima uzifanyie kazi hadi mwisho. Ukiacha njiani, chembe kubwa zimebaki na zimekwaruza. Nyingine chembe zake hubaki ukubwa ule ule, na ukali wa kazi huamuliwa zaidi na pedi na mkandamizo. Namba ya ukali iliyoandikwa kwenye chupa ni ya kulinganisha chupa za kiwanda hicho hicho. Chupa haijui kliya yako ni ngumu au laini.

Hatua ya 5: Jaribu sentimita 40 kwa 40

Chagua sehemu iliyo tambarare kwenye boneti. Anza na mchanganyiko mpole: sponji ya kati na polishi ya kati.

Paka polishi nyembamba uso wote wa pedi, halafu ongeza matone manne ya ukubwa wa njegere. Tandaza kwa kasi ya 1, panda hadi 4 au 5 kwa DA yenye ngazi sita. Sogeza mkono sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita: mara mbili kushoto na kulia, mara mbili juu na chini. Chora mstari kwa kalamu nene pembeni mwa sahani; usipouona ukizunguka, umekandamiza mno na mashine inatikisika tu bila kukata.

Futa, kisha pangusa kwa spiriti ya isopropili sehemu 1 kwa maji sehemu 4. Usiruke hapo. Mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kukudanganya hadi gari lioshwe mara mbili tatu. Mulika kwa taa kali kutoka pembeni.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Mikwaruzo ikibaki, tumia pedi kali zaidi kwanza, polishi ile ile. Bado? Ndipo utumie kompaundi. Mkwaruzo unaonasa ukucha uache; kuufuta kabisa ni kumaliza kliya.

Ukungu sawasawa kama pumzi kwenye kioo ni dalili ya pedi kali kwenye kliya laini, au pedi chafu. Mawimbi ya mwanga yanayofuata njia ya mkono ni ya sufu kwenye mashine ya mzunguko mmoja, inayozunguka tu bila kuyumba. Yote mawili huondolewa na sponji laini na polishi ya kumalizia kwenye DA. Vumbi jingi linamaanisha polishi imekauka au pedi imejaa: ipige brashi ikizunguka polepole, ama ipulize kwa upepo wa kompresa, kila baada ya sehemu moja au mbili. Ukiongeza polishi juu ya pedi iliyojaa unatengeneza tope.

Mchanganyiko uliofaa kwenye boneti uandike kwenye kipande cha utepe, lakini ujaribu tena kwenye paneli iliyopigwa rangi upya, maana ugumu wake hutofautiana. Kwenye bampa shusha kasi ngazi moja na usikae mahali pamoja. Plastiki haisambazi joto kama bati, na rangi yake huungua kabla hujaona dalili.